Telefoni na kompyuta bila waya: karatasi za familia zisiachwe hewani

GOMA, Kivu ya Kaskazini – Katika sekretaria za Birere, Katindo na Majengo, maneno ni yale yale kuanzia asubuhi mpaka jioni. "Mama, washa Bluetooth." "Imewaka, mwanangu." "Haionekani huku. Zima, uwashe tena." Telefoni iko mkononi, kompyuta iko mezani, kati yake hakuna hata hatua moja, lakini karatasi haivuki. Mstari wa wateja unarefuka. Mwishowe kijana wa sekretaria anatoa namba yake ya WhatsApp, mteja anatuma picha kwa mega zake, na karatasi iliyokuwa inangoja kuvuka meza inasafiri mpaka kwenye mitambo ya kampuni ya kigeni, kisha inarudi Goma ikiwa imepungua ubora wake.

Wakaaji wengi wanaona hiyo ni kero ndogo, kama foleni ya maji au mashimo ya barabara. Wanacheka, wanalipa, wanaenda. Lakini katika mji kama huu, jambo hilo si dogo. Leo telefoni ndiyo kabati la familia. Ndani yake kuna picha ya diploma ya Serikali, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, karatasi ya kiwanja, biletini za shule, risiti ya mzigo uliotoka Kampala, na picha pekee ya babu aliyekwisha fariki. Telefoni ikianguka ziwani, ikiibiwa kwenye pikipiki au ikifa betri kwa mara ya mwisho, kabati lote limeondoka.

Na Goma ni mji unaojua kukimbia. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena usiku, na siku tano baadaye viongozi waliamuru wakaaji wa sehemu kubwa ya mji waondoke. Watu wakaenda Sake, Rutshuru, Bukavu na ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, wengi wakiwa na mtoto mgongoni na telefoni mfukoni. Januari 2025, vita vilipofika ndani ya mji, umeme, maji na intaneti vilikatika katika sehemu nyingi. Kila mara swali la kwanza baada ya kutafuta ndugu lilikuwa lile lile: karatasi ziko wapi?

Kwa hiyo kupitisha vitu kati ya telefoni na kompyuta ni kazi ya kulinda jina la mtu, kiwanja chake na masomo ya watoto wake. Kazi hiyo wakaaji wengi wameiacha mikononi mwa chombo ambacho hakikutengenezwa kwa maisha ya hapa.

Kwa nini inakwama

Chombo hicho ni kile ambacho vijana wanakiita kwa Kifaransa "synchroniser": kusawazisha telefoni na kompyuta bila waya, ili kilicho huku kiwe pia kule. Waliokibuni walikuwa wanafikiria nyumba yenye umeme usiku na mchana, yenye Wi-Fi isiyohesabiwa kwa mega, na yenye mtu mmoja mwenye telefoni yake na kompyuta yake. Hapa umeme unakuja na kuondoka, mega zinanunuliwa za siku moja, na kompyuta ni ya sekretaria au ya shemeji. Ndiyo maana chombo kinachoitwa chepesi kinakuwa kizito.

Tuanze na Bluetooth, kwa sababu ndiyo inayotajwa kwanza. Ni teknolojia ya tangu mwaka 1999. Inafika karibu mita 10, na ukuta wa mawe ya volkano haiupendi. Mwendo wake ni kama megabiti 2 kwa sekunde, tena siku ikiwa nzuri. Kwa picha moja inatosha. Kwa video ya harusi yenye gigabaiti 1, hesabu inaonyesha zaidi ya saa nzima, na umeme wa Goma mara nyingi hauna subira ya saa nzima. Zaidi ya hayo, iPhone haipokei wala haitumi picha kwa Bluetooth na telefoni ya Android au kompyuta ya Windows. Kumwambia mwenye iPhone awashe Bluetooth ili atume karatasi ni kumpotezea wakati, na bado maneno hayo yanasikika kila siku.

Wi-Fi ina nguvu zaidi, lakini ina masharti yake. Telefoni na kompyuta lazima viwe kwenye mtandao mmoja. Mara nyingi kompyuta iko kwenye Wi-Fi ya ofisi, na telefoni ya mteja iko kwenye mega za Airtel, Vodacom au Orange; hapo haviwezi kuonana hata vikigusana. Wi-Fi za hoteli na za wageni nyingi zimefungwa makusudi ili kifaa kimoja kisione kingine. Windows nayo, ikiuambiwa kwamba mtandao ni wa watu wote, inaificha kompyuta. Na telefoni, ikitaka kulinda betri, inaiua programu mara tu kioo kinapozimika. Mtu anaweka telefoni mezani akidhani kazi inaendelea, kumbe imesimama zamani.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaifikirii: saa. Kompyuta nyingi za mezani katika sekretaria ni za zamani, na ile pile ndogo ya mviringo iliyo ndani yake imekufa. Umeme ukikatika, kompyuta inapoteza tarehe na inarudi miaka mingi nyuma. Hapo tovuti na programu zenye ulinzi zinakataa kufunguka, kwa sababu vyeti vya usalama vinaonekana kama bado havijaanza kufanya kazi. Mwenye kompyuta anaulaumu mtandao, anabadili SIM, ananunua mega nyingine. Kurekebisha tarehe kungemaliza shida kwa dakika moja, na pile mpya ingeizuia isirudi.

Hata picha ikivuka, inaweza kukataa kufunguka. Tangu mwaka 2017 iPhone nyingi zinapiga picha kwa aina inayoitwa HEIC, ambayo kompyuta za zamani haziisomi. Mwenye telefoni anaweza kuingia kwenye mipangilio ya kamera na kuchagua aina inayosomeka kila mahali, yaani JPEG. Ni jambo la mara moja tu, lakini lazima mtu amwambie.

Akaunti ambayo mwenyewe haijui

Shida nzito kuliko zote haionekani kwenye kioo. Katika maduka ya telefoni, muuzaji ndiye anayewasha telefoni mpya. Inaomba akaunti ya Google, mteja hana, basi muuzaji anamfungulia moja haraka haraka, au anaweka ile anayowawekea wote. Neno la siri linabaki kichwani mwa muuzaji, na kesho yake amelisahau. Tangu siku hiyo namba za simu na pengine picha zinakwenda kwenye akaunti ambayo mwenye telefoni hajui hata jina lake. Ni kama kupeleka vyombo kila jioni kwenye nyumba ambayo hauna ufunguo wake. Telefoni ikiibiwa, vyombo viko salama kabisa, ila mwenyewe hawezi kuvifikia.

Mwingine ana akaunti yake na anaijua, lakini imejaa. Google inatoa gigabaiti 15 bila malipo, na nafasi hiyo inagawanywa kati ya barua za Gmail, mafaili ya Drive na picha. Tangu tarehe 1 Juni 2021 picha mpya zote zinahesabiwa humo. Apple inatoa 5 tu. Nafasi ikijaa, kazi inasimama. Taarifa inatokea juu ya kioo kwa Kifaransa au Kiingereza, mwenye telefoni anaisukuma pembeni kama anavyosukuma matangazo ya kampuni za simu, na kwa mwaka mzima hakuna kitu kinachopanda.

Na wa tatu ana akaunti yake na nafasi yake, lakini telefoni yake imepangwa isipandishe picha mpaka ipate Wi-Fi. Mpango huo ni mzuri, unalinda mega. Ila nyumbani kwake hakuna Wi-Fi, wala kazini. Telefoni inangoja kwa utii, mwezi baada ya mwezi. Mtu huyo akiulizwa atajibu kwa uhakika kwamba picha zake ziko Google. Hazipo. Ziko pale pale mfukoni mwake.

Watu hawa watatu hawakukosea kwa ujinga. Kila mmoja aliamini kile ambacho telefoni ilimwonyesha. Lakini siku ya hasara hawana pa kulalamika, na hilo ndilo linalofanya shida iendelee: hakuna anayeona kosa mpaka telefoni iwe imekwisha potea.

Kusawazisha si kuhifadhi

Hapa ndipo maneno mawili yanachanganywa, na mkanganyiko huo unawaumiza watu. Kuhifadhi ni kuweka nakala pembeni ibaki hivyo hivyo. Kusawazisha ni kufanya pande mbili zifanane. Ukiongeza huku, inaongezeka kule. Ukifuta huku, inafutika kule.

Kijana ambaye telefoni yake imejaa anafuta picha za zamani ili apate nafasi ya programu mpya, akijiambia kwamba nakala ziko hewani. Nakala za hewani nazo zinaondoka. Google Photos inaweka picha zilizokwisha panda kwenye pipa la taka kwa siku 60, na iCloud kwa siku 30 hivi. Baada ya hapo hakuna wa kuzirudisha. Ipo njia ya kutoa picha kwenye telefoni peke yake bila kugusa zile za juu, lakini si kile kitufe cha taka ambacho kila mtu anakijua.

Wanafunzi wanaumia kwa njia nyingine. Yule anayeandika kazi yake ya mwisho wa masomo anasahihisha sura ya pili kwenye telefoni akiwa kijijini Masisi bila mtandao, huku nakala nyingine iko kwenye kompyuta ya rafiki yake Himbi. Mtandao ukirudi, programu inakuta nakala mbili ambazo hazifanani. Baadhi ya programu zinaziweka zote mbili kwa majina yanayokaribiana, nyingine zinaifuata ya mwisho tu. Mwanafunzi anachapa ile aliyoiona kwanza. Mwalimu anayemwongoza anafungua karatasi na kuona makosa aliyokwisha yaandika kwa kalamu nyekundu mwezi uliopita. Mwanafunzi anaonekana mvivu, kumbe alifanya kazi.

WhatsApp nayo si ghala. Inaweza kuunganishwa na vifaa 4 zaidi ya telefoni, na watu wengi wanaitumia kwenye kompyuta kama mahali pa kuweka karatasi. Lakini telefoni kuu isipotumika kwa siku 14, vifaa vile vingine vinatolewa vyenyewe. Picha zinazotumwa kwa njia ya kawaida zinapunguzwa, na muhuri wa komini au namba ndogo za kiwanja zinaweza kuwa ukungu. Anayelazimika kutumia WhatsApp kwa karatasi rasmi aitume kama dokima, siyo kama picha. Hapo inabaki kama ilivyo.

Njia ya karibu kwanza

Msimamo unaostahili kutetewa katika mji huu ni huu: karatasi ivuke kwanza ndani ya chumba, bila kula mega, na nakala ya kwanza ibaki karibu na mwenyewe. Mbali kuje baadaye, kwa vile vichache tu vyenye uzito.

Njia ipo na haihitaji kompyuta mpya. Telefoni nyingi za Android zinaweza kugawa Wi-Fi hata data ikiwa imezimwa. Kompyuta inaingia kwenye Wi-Fi hiyo ya telefoni, na hapo vifaa viwili viko kwenye mtandao mmoja usiotoka nje ya chumba. Programu kama LocalSend, ambayo ni ya bure na inafanya kazi kwenye Android, iPhone, Windows na Linux, inapitisha faili moja kwa moja. Quick Share ya Google ina programu yake ya Windows. Xender inajulikana na vijana wengi tangu zamani. Kwa njia hiyo, gigabaiti ambayo Bluetooth ingeichukua saa nzima inaweza kupita kwa dakika chache, na hesabu ya mega haisogei. Sekretaria ikiisha weka programu hiyo mara moja kwenye kompyuta yake, faida ni ya wateja wote.

Kuna watakaosema: kwa nini kujisumbua, kable ipo. Ni kweli, na hakuna aibu kutumia kable. Telefoni ikichomekwa kwenye kompyuta, mara nyingi inajaza betri tu mpaka mwenyewe achague kwenye kioo kwamba anataka kuhamisha mafaili. Kable nyingine za bei ndogo hazina waya za kupitisha data, zinajaza betri basi. Kabla ya kulaani kompyuta, ni vema kujaribu kable nyingine.

Lakini kwenye kompyuta ya watu wote, bila waya ina faida moja kubwa. Kable inafungua kabati lote la telefoni mbele ya kompyuta usiyoijua. Fleshi ni hatari zaidi: wanafunzi wa mji huu wanajua virusi vinavyogeuza mafolda yote kuwa njia za mkato, na fleshi moja inavibeba kutoka sekretaria hadi chuo, kutoka chuo hadi nyumbani. Ukituma faili moja kwa Wi-Fi ya chumba, umetoa karatasi moja tu, na kabati limebaki limefungwa.

Hatari nyingine ni WhatsApp inayoachwa wazi kwenye kompyuta ya sekretaria. Mteja anachapa karatasi yake, analipa franka, anaondoka. Mazungumzo yake ya familia yanabaki kwenye kioo, na mtu yeyote atakayekaa hapo atayasoma leo na kesho. Katika mkoa ambapo ujumbe mmoja unaweza kumletea mtu shida kubwa, hilo haliwezi kuitwa usahaulifu mdogo. Mwenye telefoni anaweza kuangalia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa na kuviondoa vyote asivyovijua. Na mwenye sekretaria mwenye heshima kwa kazi yake asimwache mteja aondoke kabla ya kufunga.

Mbali nako kunahitajika

Wapo wanaopinga, na hoja yao ina nguvu. Wanasema: fleshi iliyobaki nyumbani inaungua pamoja na nyumba. Mwaka 2021, aliyekuwa na nakala kwenye akaunti yake aliweza kuzifungua akiwa Bukavu au Gisenyi kwa telefoni ya kuazima. Kadi za uchaguzi zilizotolewa mwaka 2023 zinaonyesha jambo hilo hilo: watu wengi walilalamika kwamba maandishi yake yalifutika haraka, na katika nchi ambayo kadi hiyo ndiyo kitambulisho cha wengi, mwenye picha safi ya kadi yake alikuwa walau na namba ya kuonyesha.

Hoja hiyo ikubaliwe. Nakala ya karibu peke yake haitoshi katika mji ulio chini ya volkano. Lakini na ya mbali peke yake haitoshi. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilifungwa katika nchi nzima kwa karibu wiki tatu. Januari 2025 Goma iliona giza lake. Siku kama hizo, aliyeweka kila kitu juu hana kitu chini. Na akaunti inaweza kupotea kwa njia za kawaida: neno la siri limesahauliwa, namba ya simu inayopokea kodi imeibiwa pamoja na telefoni, au akaunti haikuguswa kwa miaka 2, muda ambao Google ilitangaza mwaka 2023 kwamba inaweza kuifuta.

Wengine wanasema kupeleka mbali ni ghali. Ni ghali kwa anayetaka kupandisha kila kitu. Mtu apime vizuri: picha ya karatasi moja, ikiwa safi na si kubwa mno, ina nusu megabaiti hivi. Karatasi 10 za familia, kuanzia diploma mpaka karatasi ya kiwanja, zote pamoja ni kama megabaiti 5. Hiyo ni chini ya video moja fupi ambayo watu wanatumiana asubuhi ili wacheke. Mtu azitume kwa barua pepe yake mwenyewe, ambayo anajua jina lake na neno lake la siri, na aandike kodi za kuokoa akaunti kwenye karatasi iliyo mbali na telefoni. Jambo limekwisha, na mega zimebaki.

Vitu vizito, kama video za harusi na picha za miaka mingi, havina haja ya kupanda. Vikae kwenye diski au fleshi mbili, moja nyumbani na nyingine kwa ndugu anayeaminika Bukavu, Butembo au Kampala. Familia za hapa zimezoea kumwachia ndugu mtoto wakati wa hatari. Fleshi haili ugali wala haidai karo. Kumwachia ndugu si mzigo.

Nani afanye nini

Mpaka sasa kila mtu anajifunza peke yake, kwa hasara yake. Hilo ndilo linalopaswa kubadilika, na haliombi fedha nyingi.

Wauzaji wa telefoni waache kufungua akaunti kwa niaba ya wateja. Mteja akiwa hajui, wamwandikie anwani na neno la siri kwenye sanduku la telefoni, mbele yake, kisha wamwonyeshe jinsi ya kulibadili. Telefoni inauzwa kwa dola nyingi. Dakika tano za maelezo ni sehemu ya bei.

Sekretaria zinaweza kufanya zaidi. Zinaishi kwa karatasi za wengine. Zile chache zilizoweka Wi-Fi ya ndani na programu moja ya kupokea mafaili zinahudumia wateja haraka, na wateja wanarudi. Tarehe ya kompyuta iwe sahihi, antivirusi iwe hai, na mafaili ya wateja yafutwe jioni. Anayechapa vitambulisho vya watu na kuvilundika mezani mwa kompyuta yake kwa miezi anashika amana bila kujua.

Shule na vyuo vina deni. Somo la informatiki katika shule nyingi bado linafundishwa kwa chaki ubaoni: mwanafunzi anajua kuchora sehemu za kompyuta, lakini hajui picha zake ziko wapi. Saa mbili za somo hilo, kwa telefoni ambazo wanafunzi wenyewe wanazo, zingetosha kuonyesha tofauti ya kusawazisha na kuhifadhi. Mtoto aliyeelewa atamfundisha mama yake jioni hiyo hiyo.

Ofisi za umma na mashirika yanayoandikisha watu yasiwaombe wakaaji watume karatasi kwa WhatsApp peke yake, halafu wazikatae kwa sababu hazisomeki. Anayeomba karatasi aweke pia njia ya kuipokea pale pale mezani, bila mega za mwananchi. Wakongomani hawajasahau RAM, ile tozo iliyokuwa inakatwa kwenye inite zao tangu mwaka 2020 mpaka ikaondolewa mwaka 2022. Wanajua vizuri gharama ndogo ndogo zinavyokusanyika kuwa kubwa, na nani anazilipa.

Wakaaji wenyewe wasingoje mafunzo. Jumapili moja baada ya misa au ibada inatosha: kutafuta akaunti iliyo ndani ya telefoni na kuhakikisha neno lake la siri linajulikana, kupiga picha karatasi 10 mchana, mahali penye mwanga, kuzipitisha kwenye kompyuta au fleshi ya nyumbani kwa njia isiyokula mega, kuzituma kwenye barua pepe, kisha kuzifungua kutoka kwenye telefoni ya mtu mwingine ili kuona kama kweli zinafika. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo inayoonyesha kama kazi imefanyika.

Hakuna anayejua ni lini mlima utanguruma tena, wala ni lini mtandao utakatika. Wanaosimamia mafunzo ya vijana katika kata, mapadri na wachungaji wanaotangaza habari mwisho wa ibada, na walimu wa informatiki wanaweza kuanza juma hili, kwa telefoni zilizopo na bila kungoja mradi wa mtu yeyote.